Sauti Ambazo Mama Hakuzitoa

Kila asubuhi, kabla ya chai, binti alikaa kwenye stuli akitazama ukuta. Alining'iniza kifaa cha kusikilizia nyuma ya sikio, akasogeza sumaku kichwani mpaka ikanasa juu ya kile kilichopandikizwa ndani. Mama alisimama nyuma yake, akaziba mdomo kwa kitambaa, akatoa sauti moja moja kama walivyofundishwa hospitali. Binti alirudia.

"Antena, uko hewani?" mama alitania kama kila siku, akimgusa bega kumwashiria waanze.

"Niko hewani, mama."

"Aa."

"Aa."

"Uu."

"Uu."

Harufu ya maziwa yanayoungua ikaingia kutoka jikoni. Mama akanyamaza, akageukia mlango.

"Ii," akasema binti.

Mama akarudisha uso taratibu. Yeye hakuwa amesema kitu.

"Mm," binti akaendelea, kwa mwendo uleule. "Sh. Ss." Akautabasamia ukuta. "Nimefaulu, mwalimu?"

Kitambaa kilimtoka mama mkononi. Tangu waanze zoezi lile, hakuwahi kuubadilisha mpangilio hata siku moja. Alidhani anampima mwanawe, kumbe alikuwa akimkaririsha.

"Jikoni kunaungua," alisema.

Binti alichukua kitana.

"Mwanangu, kunaungua!"

Kitana kilipita kwenye nywele polepole. Nje, lori lilipiga honi kwenye kona ileile ambayo binti aliivuka kila siku kwenda kiwanda cha kushona. Honi ndefu, kisha breki. Kitana hakikusita.

Siku hiyo hakumruhusu kwenda kazini.

Kliniki, mtaalamu wa usikivu aliunganisha kifaa na kompyuta. Chumba kilikuwa kimya, feni tu ikizunguka. Alitazama skrini kwa muda mrefu kuliko mama alivyopenda.

"Umekuwa ukisikiaje, dada?" aliuliza, akimwelekezea uso ili asome midomo.

"Vizuri."

"Na magari barabarani?"

"Nayasikia."

Mama alifungua mdomo. Mtaalamu akamzuia kwa kiganja.

"Tuna vipindi vya ziada kwa wanaopata shida. Tunarekebisha kifaa, tunafanya mazoezi upya, tunapima tena. Lakini mashine hainiambii yeye anasikia nini. Mwenye kichwa ndiye anayejua."

"Nimesema vizuri," binti alirudia, akicheka kidogo. Kicheko hakikufika machoni.

Mama alivuta kiti mpaka magoti yao yakagusana. Hakuziba mdomo. Midomo ikasema, bila sauti yoyote: Nilinyamaza leo. Ukanijibu.

Binti aliisoma midomo ile. Mkono ukapanda wenyewe mpaka kwenye kovu nyuma ya sikio, ukalifunika, kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe.

"Sisikii, mama," alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyojua. "Sauti zimekuwa zikipotea moja moja. Naogopa watanipasua tena."