Kola za Sungura wa Machochwe

Hakuna ndama aliyewahi kufa mikononi mwa Waisiko. Machochwe nzima ililijua hilo, maana yeye mwenyewe aliwaambia: kisimani, shambani, kwenye foleni ya sukari, hata msibani, ilimradi marehemu alikuwa na ng'ombe. Ndama wake mmoja, alisema, alinenepa hata simba alipomjia zizini, aliyenguruma ni ndama. Simba akakimbia bila kugeuka mpaka Natta, akaomba kazi kwenye kambi ya watalii. Watu walichukua nusu ya habari hizo, nusu nyingine wakawaachia fisi.

Lakini nusu hiyo ilitosha. Serikali ilipowahamishia watu kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mstari kama wanafunzi wa paredi, zizi la pamoja likajengwa, na ndama wa kijiji wakakabidhiwa Waisiko bila ubishi. Aliyenuna ni mmoja tu, Heche, mdogo wa marehemu mumewe, jirani wa ukuta kwa ukuta. Yeye aliona kazi ile ilimfaa mwanamume mwenye fimbo, na fimbo alikuwa nayo.

Basi mwaka wa sabini na sita, nesi wa zahanati, Kokushubira, binti wa Bukoba, aliitwa mafunzoni Musoma. Nesi huyu alikuwa na vitoto vitatu vya sungura, vimeachishwa ziwa juzijuzi, na alivifuga kwa kuvipenda tu, si kwa mboga. Machochwe walimhurumia kwa hilo, wakadhani ni upweke. Asubuhi ya safari alifika kwa Waisiko na kikapu.

"Shikamoo, mama. Nimekuja na shida."

"Marahaba, mwanangu. Shida yenyewe naona ina masikio."

Nesi alicheka, akafungua kikapu. Mmoja alikuwa wa kijivu, mmoja wa madoa, na wa tatu mweusi, aliyekuwa ameshaanza kutafuna kifuniko.

"Ni tumbo, mama. Sungura mdogo hafi kwa mguu wala kwa kichwa, anakufa kwa tumbo. Nyasi kavu zisikose mbele yake kutwa kucha. Maji safi. Matembele kidogo, tena yanyauke kwanza kivulini, yasiwe na umande. Mahindi ni ya kuonja tu. Na ukiona mmoja amekataa kula, usiseme ngoja kesho."

Heche alikuwa mlangoni pake, ameshika bakuli la supu ya mbuzi iliyotiwa kichuri, yale maji ya kijani, machungu, yanayokamuliwa kwenye nyasi zilizosagika nusu tumboni mwa mbuzi. Asubuhi bila kichuri kwake haikuwa asubuhi.

"Shemeji," alisema, "umeanza na ng'ombe, sasa umeshuka kwenye panya. Mwakani tutakukuta unachunga siafu."

"Siafu nikiwachunga mimi watatoa maziwa."

"Hao watakufa kabla nesi hajafika Mugumu."

"Hafi mtu hapa."

"Na wakifa?"

Waisiko angeweza kunyamaza, na maisha yangeendelea. Lakini nesi alikuwa anamtazama, na majirani walikuwa wamesimamisha mitwangio. "Akifa hata mmoja," alisema, "ndama wa kijiji chukua wewe."

Heche aliweka bakuli chini polepole, kama mtu aliyeokota kitu barabarani na hataki wengine wakione. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa akipita kwenda ofisini. Heche akamwita, akamwomba shemeji arudie maneno yake. Waisiko akayarudia, tena kwa sauti ya juu zaidi.

Mambo yalianza vizuri. Waisiko alikata nyasi akazianika juu ya paa mpaka zikanukia kama ghala. Matembele aliyatandaza kivulini, na umande aliuogopa kama deni. Vitoto vilikula, vikarukaruka, vikapewa majina: Kijivu, Madoa, na yule mweusi Mbishi. Kila aliyepita alisimamishwa aone matumbo yalivyokuwa laini.

Halafu alfajiri moja alifungua kibanda mapema kuliko kawaida, akamkuta Kijivu amejikunja, kichwa chini ya mkia, anapokea choo kikitoka na kukimeza. Si vile vidonge vikavu vya kila siku. Kilikuwa kishada laini, cheusi, kinang'aa kama ugali wa ulezi uliotoka kusongwa. Madoa alikuwa akifanya vilevile. Waisiko aligeuza uso kama mtu aliyemfumania mkwe anaoga.

Nesi hakumwambia kitu juu ya hilo. Kwa mtu aliyekua na sungura, lilikuwa jambo la kawaida mno hata likamtoka kichwani. Waisiko yeye alimaliza neno mwenyewe: mnyama anayekula uchafu hajalelewa, na mnyama ambaye hajalelewa na Waisiko hayupo.

Dawa aliijua. Ndama mkaidi asiyetaka kuacha ziwa hufungwa miiba puani. Akimchoma mama yake, anapigwa teke, mchezo umekwisha. Kwa sungura miiba ni ukatili, kwa hiyo alikata vibuyu, akatengeneza pete pana, akazikwangua kwa kipande cha chupa, akazizungushia kitambaa laini shingoni. Aliyevaa kola ile aliweza kula nyasi na kunywa maji, lakini kujikunja hadi mkiani hakuweza.

Kijiji kikaja kutazama. Sungura wale walikaa wima kama makarani wa mahakama wanaomsubiri hakimu. Wanawake walisifu, mwenyekiti alisifu, akasema huo ndio ubunifu unaotakiwa vijijini. Heche alizunguka kibanda mara mbili akitafuta tusi, hakulipata, akarudi nyumbani ameinama. Waisiko alilala usingizi wa chifu.

Aliyeharibu sherehe ni Mbishi. Kola yake aliitafuna ikaisha. Akatengenezewa nyingine, nayo akaila kama muwa. Ya tatu ilipokwisha, Waisiko alimwambia, "Haya, kula uchafu wako. Utakuja kuniambia."

Mbishi hakuja kumwambia kitu, alikuwa ananenepa. Wenye kola ndio walioanza kubadilika. Manyoya yakapoteza mng'ao, mgongo ukachomoza mifupa, na nyuma yao kukaganda kinyesi laini. Waisiko akadhani wanaharisha. Akawaosha kwa maji ya uvuguvugu, akawafuta, akawanyima matembele, akawaachia nyasi na maji tu. Asubuhi iliyofuata, kinyesi kilekile. Jioni hiyo Kijivu aliacha kula. Alijikusanya pembeni, tumbo gumu kama kibuyu chenyewe.

Heche alichungulia juu ya ua. "Shemeji, yule ndama mwekundu mwenye baka, nitamwita Ushindi. Unaonaje?"

"Ondoka hapo."

"Naondoka. Supu inapoa."

Waisiko alimpakata Kijivu ndani ya kanga, akamsugua tumbo taratibu. Kwa mara ya kwanza tangu alipojua kukamua, aliogopa. Si ndama tu. Akifa huyu, nani ataamini tena habari ya simba?

Upande wa pili wa ua Heche alisikika akimwambia mkewe, "Ongeza kichuri, mwanamke. Supu bila kichuri itatuliza tumbo gani?"

Mkono wa Waisiko ukasimama. Alitazama kibandani. Mbishi, shingo wazi, tumbo zuri, manyoya yanang'aa kama kiatu cha ofisa. Madoa, ndani ya kola yake safi, amekonda. Nyasi zilezile, maji yaleyale, kibanda kilekile. Tofauti ilikuwa kibuyu.

"Kumbe," alisema peke yake. "Kumbe ni kichuri chao."

Kazi ngumu haikuwa kulijua. Kazi ngumu ilikuwa kuzikata kola ambazo mwenyekiti alizisifu mbele ya watu. Aliangalia kushoto na kulia, bado palikuwa na mwanga, na majirani walikuwa nje. Akazikata hapohapo, kweupe, akazitundika kwenye kigingi cha kibanda.

"Mbona umewavua?" jirani mmoja aliuliza.

"Wamehitimu," alisema Waisiko.

Usiku huo Kijivu hakurudi kibandani, alilala kifuani pa Waisiko, na kila aliposhtuka aliwekewa jani moja la nyasi mdomoni. Jogoo walipoanza kuwika alitafuna moja, kwa uvivu, kama mtu anayekubali kusamehe. Kulipopambazuka akajikunja, kichwa chini ya mkia. Safari hii Waisiko hakugeuza uso.

"Kula, baba," alisema. "Kula yote."

Mchana vidonge vilianguka sakafuni: vikavu, vya duara, vya ukubwa mmoja, kama vimetoka kiwandani. Waisiko alivikusanya kwenye kiganja, akaenda navyo mlangoni kwa Heche.

"Nini hiki?" Heche akauliza.

"Jina la ndama wako. Mwite hivyo."

Nesi Kokushubira aliporudi, wiki kadhaa baadaye, watu walikuwa wameshajaa uani, mwenyekiti kiti cha mbele. Waisiko alitoa sungura mmoja mmoja, na kila mmoja alihitaji mikono miwili kumbeba. Nesi aliwabonyeza matumbo, akawageuza, akatazama chini ya mikia, akatabasamu mpaka macho yakapotea.

Heche hakukubali kushindwa kimyakimya. "Nesi, muulize na zile kola. Aliwafunga hao viumbe wasile choo chao, wakataka kufa. Mimi shahidi."

Nesi akazitazama kola kwenye kigingi, akamtazama Waisiko. "Mama, kile choo laini ni chakula chao. Nyasi hazitoi nguvu zote mara ya kwanza, ni lazima zipite tumboni mara ya pili. Nilisahau kukwambia. Nani alikwambia uwavue?"

Waisiko angeweza kusema alijua tangu mwanzo, alikuwa anawapima tu. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni, mzuri, umenona. Akaumeza.

"Huyu," alisema, akamnyanyua Mbishi juu kama kombe. "Mimi niliwafunga, yeye akakataa, nikamtazama, nikajifunza. Taja mtu mwingine wa kijiji hiki aliyesomeshwa na sungura, wanafunzi wote wakafaulu." Kisha akamgeukia Heche. "Na wewe, shemeji, uliyenishtaki kwa sababu ya choo, kanywe kichuri chako. Mwache na mwenzako anywe chake."

Kicheko kilisikika hadi Mugumu. Wengine wanasema pundamilia waliondoka mpakani mwa hifadhi wakidhani ni radi. Mwenyekiti alifuta machozi kwa kofia, akasema suala la ndama limefungwa. Nesi alibeba Kijivu na Madoa, Mbishi akamwachia Waisiko.

Kuanzia siku hiyo, kila mgeni aliyepita zizi la kijiji alionyeshwa kwanza ndama, kisha sungura mweusi aliyetembea katikati yao shingo wazi. Na simba wa Natta, Waisiko aliongeza, akisikia jina la sungura huyo, mpaka leo anaomba likizo.