Kofia Chini ya Helmeti

Haya alinisimulia Shamsia, mtoto wa marehemu dada yangu, Ramadhani ya mwaka tisini na tisa, tumekaa jikoni kwangu Unguja tunachambua mchele.

Baridi iliyotangulia, yeye na mumewe Murshid walikuwa Guangzhou kununua nguo. Tajiri mmoja wa makoti, laobani kama wanavyomwita kila mwenye duka kule, akamwalika Murshid kiwandani kwake, kaskazini ya mbali, ambako theluji huziba njia gari lisipite. Watu huenda kwa pikipiki ya theluji, haina magurudumu, yateleza tu.

Murshid kusikia pikipiki, akasahau makoti. "Mimi Vespa nimeendesha tangu sijaota ndevu! Leseni ninayo."

"Leseni ya Unguja hiyo, Baba Hafidha," Shamsia akamkumbusha. " Laobani kasema bila kibali cha kule huendeshi. Utapanda nyuma ya mwenyeji."

"Nyuma, kama gunia la mbatata?"

"Gunia hufika salama."

Akacheka, akakubali. Shamsia akampeleka kwa mafundi cherehani wa mtaa wa Kangle, wakamshonea suruali na koti la pamba nzito. Akamtafutia glavu, miwani na helmeti. Waliporudi chumbani akamwambia aijaribu. Murshid akaivaa juu ya kofia yake ya viua, ngumu kwa wanga, akafunga mkanda kidevuni. Shamsia akaishika kwa mikono miwili, akaitikisa. Ikateleza mpaka ikamziba macho.

Shamsia akamkumbuka marehemu kaka yake. Zubeir naye alivaa helmeti juu ya kofia hivi hivi. Vespa ilipoanguka, helmeti ilikutwa huku, Zubeir kule.

"Vua kofia."

Murshid akaisukuma helmeti ikatoka machoni. Kofia ile Shamsia alimshonea kwa mkono wake, kiua kwa kiua, wakiwa wachumba. Tangu ndoa haivui ila kwa kuoga na kulala.

"Umenivisha mwenyewe, leo wanivua?"

"Nilikushonea ikipambe kichwa. Kichwa kikiondoka, nitamvisha nani?"

Murshid akainua kidevu. Alifungua mkanda taratibu, akavua helmeti, akavua na kofia, akamtia mkononi ingali na joto lake. Kisha akaivaa helmeti upya, kichwa kitupu. Shamsia akatikisa. Safari hii kichwa kizima kikaja nayo.

"Waniua shingo, mwanamke!"

"Shingo itapona."

Treni ya kumpeleka kaskazini ilikuwa ya alfajiri, basi baada ya isha tu Murshid akajitupa kitandani. Shamsia akaitia kofia chini ya mto wake mwenyewe, mumewe asije akaondoka nayo, akamwombea Zubeir, akamsikiliza mumewe anavyokoroma, mpaka naye usingizi ukamchukua.