Nyuzi Mpya za Mjomba

Mjomba aliniletea ukulele yangu, kigitaa cha nyuzi nne, asubuhi ya tamasha, ameizungushia taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Alikuwa ameichukua jana yake ili aing'arishe, maana hakutaka kazi ya mikono yake ipande jukwaani na vumbi. Niliifungua palepale kwenye lango la gereza la zamani, ambako tamasha hufanyika, watu wakitupita na ala zao mabegani. Ilikuwa inang'aa kweli. Halafu nikaona nyuzi. Alikuwa ametoa zote nne na kufunga nyingine.

"Mpya kabisa," alisema. "Zile zako zilikuwa zimechakaa hadi zinatia huruma. Leo unatoka kama bibi harusi, mwanangu."

"Asante, mjomba." Sauti ilinitoka nyembamba.

Anayepiga ukulele analijua jambo hili, na asiyepiga hana sababu ya kulijua: nyuzi za nailoni zikiwa mpya huvutika. Unazikaza, zinakubali, ukigeuka tu zimelegea. Zinahitaji siku kadhaa za kupigwa na kukazwa ndipo zitulie. Mjomba ni seremala. Ukulele ile aliichonga kutoka kwenye kabati la bibi, lililokuwa limeliwa na mchwa upande mmoja, akaiunganisha bila msumari hata mmoja. Kuhusu mbao humwambii kitu. Lakini hajawahi kupiga ala yoyote maishani mwake, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza angeisikia yake ikipigwa mbele ya watu.

Kwenye tamasha letu kila kundi huanza kwa salamu. Mtu mmoja anapiga peke yake, wenzake wamenyamaza, kisha wote wanaingia. Kundi letu lilinipa mimi salamu. Kocha, mama anayetufundisha, alisema ni kwa sababu nikipiga huwa nasahau kwamba kuna watu. Salamu ikishuka sauti, wenzako wakiingia mnagongana kama masufuria yaliyoanguka kabatini.

Tulisubiri zamu yetu ndani ya selo. Kuta zilikuwa nene, dirisha dogo juu kabisa, na kibao kilichokataza kuegemea ukuta. Nilikaa sakafuni kwenye ubaridi wa mawe nikikaza nyuzi. Nikapiga, nikasikiliza. Uzi mnene ulikuwa umeshuka. Nikaukaza. Nilipomaliza wa mwisho, mnene ukawa umeshuka tena.

"Wewe, utaikata hiyo shingo," alisema Kidoti, rafiki yangu kundini. "Una nini?"

Nikamwambia kwa kunong'ona. Akashika mdomo.

"Leo? Amebadilisha leo?"

"Jana usiku, nadhani."

"Jamani, mjomba wako! Huyo angekuwa daktari angemtoa mgonjwa meno yote ili apendeze." Akafungua mfuko wake akatoa ukulele nyeusi ya dukani. "Chukua ya akiba. Imetulia kama maji ya mtungini."

Niliishika. Ilikuwa nyepesi, na kila uzi ulikuwa mahali pake. Kocha alikuja akasimama juu yetu.

"Piga hiyo nyeusi, binti. Mjomba wako ataelewa."

"Hajui, Kocha. Amekuja kuisikia ile."

"Basi nenda ukamwambie sasa hivi. Bado kuna kundi moja mbele yetu."

Nikatoka. Uani jua lilikuwa kali mpaka nikafumba macho. Mjomba alikuwa kiti cha mbele, suti ya harusini mwilini, simu mkononi tayari kupiga picha. Alikuwa anamweleza mama mmoja aliyekaa pembeni yake.

"Utaiona. Ina rangi ya asali. Kabati la marehemu mama yangu lile. Watoto wote tumejificha humo tukikwepa kuoga."

Mama yule akacheka. Mjomba akageuka akaniona. "Mpwa wangu huyu hapa! Ndiye atakayeanza. Kuna nini, mama? Una kiu?"

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, mafupi tu.

"Ndiyo," nikasema. "Kiu."

Akanipa chupa yake ya maji. Nikarudi selo nimeishika, Kidoti akaniangalia mara moja tu, akajua. Tukaitwa.

Nilipanda na ukulele ya rangi ya asali. Sikuwa na ujasiri wowote. Mikono yangu tu ilikataa kuchukua ile nyingine. Niliikaza kwa mara ya mwisho kwenye ngazi. Kutoka ubaridi wa selo hadi jua la jukwaani, nilihisi mbao zikipata joto kifuani pangu, na nyuzi nazo.

Nikaanza. Mstari wa kwanza ulitoka safi. Nikaona mjomba amenyanyua simu, mdomo wazi. Katikati ya mstari wa pili uzi mnene ukateleza. Kidogo kwanza, kisha sana. Nyuma yangu nilisikia Kidoti akivuta pumzi ili waingie.

Nikanyanyua mkono. Nikaacha.

Uani mtu akakohoa. Masikio yaliniwaka moto, na nilitamani mlango wa selo ufungwe nikiwa ndani.

"Kuna nini, mwanangu?" Mjomba alikuwa amesimama. "Imevunjika?"

"Hapana, mjomba." Kipaza sauti kilinasa sauti yangu, nikajisikia kila mahali. "Haijavunjika. Nyuzi ni mpya. Zikiwa mpya zinalegea, hazijazoea. Ala ni nzima. Nyuzi tu."

Aliangalia simu yake, akaangalia viatu vyake. Nilijua nimemuumiza, na mbele ya watu, jambo lile lile nililoogopa tangu langoni.

"Sasa si ungeniambia?" alisema, polepole.

"Nilishindwa."

"Ulisema una kiu!"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka mara moja. Alikaa, akavuta suti yake mabegani, kisha akapunga mkono kama anavyowapungia mafundi wake waendelee na kazi.

"Haya, kaza basi. Hata mimi mbao mbichi siipeleki kwa mteja. Kaza, tunasubiri."

Nikakaza, watu wote wakinitazama. Ilichukua muda. Nikaanza upya kutoka mwanzo. Mstari wa kwanza, safi. Kwenye wa pili nikausikia uzi mnene ukianza safari yake tena, nikaongeza mwendo ili niwafikie wenzangu kabla haujafika mbali.

"Unatukimbiza wapi?" Kidoti alinong'ona, lakini alikuwa ameshaingia, na wengine nyuma yake.