Shati Lisilotaka Maji

"Hivi shoga, umewahi kumwona mgombea aliyevaa nguo chafu?" Ndivyo fundi cherehani wa jirani alivyowahi kumuuliza dobi, uzi ukimning'inia mdomoni. Dobi alicheka, akaendelea kukamua mashuka.

Lakini uchaguzi huu wa kamati ya wakazi, dobi hakuwa na kicheko. Jumatatu aliamka akakuta ukuta wa ua wake wa kuanikia umechorwa X kubwa ya kijani, alama ya kubomolewa. Kamati ya wakazi iliapa haikumtuma mtu. Na ua ule ndio uliomlisha yeye na wanawe tangu mumewe afariki. Ukienda, na kazi imekwenda.

Alhamisi asubuhi aliingia Profesa, rafiki wa marehemu mumewe. Hakuwa profesa wa chochote, ila alipenda vitabu, na sasa aligombea uenyekiti wa kamati.

"Shemeji, shati hili jeupe lipige pasi tu. Usilitie maji hata kidogo. Kesho nahutubia."

"Shati lisilotaka maji? Lina mafua?"

Profesa alicheka, akavuta kigoda. "Unajua Waingereza mgombea wanamwita 'candidate'? Neno hilo asili yake Kilatini, aliyevaa nyeupe. Warumi wa kale waliotaka vyeo walipita mbele ya watu na mavazi yaliyopakwa chaki, yang'ae."

"Chaki? Kwani hawakuwa na madobi?"

"Walikuwapo. Chaki ilizidisha weupe tu."

"Au ilificha uchafu."

"Shemeji nawe! Haya, nikishinda ile X naifuta siku hiyo hiyo. Niachie mimi."

Dobi alishukuru, lakini moyo ulisita. Miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, hajaona mtu anayeliogopea shati maji bila sababu. Alimwomba Mungu amsamehe kama anamdhania mja wake vibaya, kisha akatia mkaa kwenye pasi.

Pamba kavu hainyooki. Kabla hajakumbuka alichokatazwa, mkono ulishachovya bakulini na kunyunyiza kama ulivyozoea. Kwenye pindo la mkono wa kulia maji yaligeuka uji mweupe. Akagusa kwa kidole: chaki. Akafuta kwa kitambaa. Chini yake kulikuwa na matone matatu ya kijani.

Alitoka nalo uani, akalilaza pindo juu ya ile X. Rangi ile ile. Akamwita fundi aone kwa macho yake, asije akaambiwa ameota.

"Makubwa!" fundi akashika kiuno. "Anakutia ugonjwa, halafu anakuja kukuuzia dawa!"

Jioni Profesa alilikuta shati limenyooka, limetundikwa, pindo likitazama mlango. Fundi alikuwa amekaa pembeni, anajifanya anatafuta sindano.

"Nisamehe, shemeji," dobi akasema. "Nilijisahau, nikanyunyiza."

Profesa alilitazama lile pindo. "Ah, hiyo... nilikuwa napaka geti nyumbani."

"Geti lako si la bluu?" fundi akadakia.

"Kwa hiyo mnanishuku mimi?"

"Tangu asubuhi," dobi akajibu bila kupandisha sauti. "Kesho, kabla hujaomba kura, waambie watu nani alichora ukuta wangu. Usiposema wewe, nitasimama niseme mimi. Shati chukua, sizuii mali ya mtu. Ila macho yaliyoona ni manne."

Profesa alilivuta shati kwenye hanga, akalikunja kwapani kama tambara, akatoka.