Kura ya Ebenezeri

Kwa miaka thelathini na mmoja Winifred Ackroyd alikuwa katibu wa kanisa la Ebenezeri, na pia mpiga kinanda, mfagiaji na mwasha tanuri la kupashia kanisa joto. Sasa alikuwa hoi. Dada yake Edith, kule Whitby, aliyevunjika nyonga, alikuwa amemtandikia kitanda tangu Krismasi, akimngoja aende kumuuguza. Kilichobaki ni kanisa kufungwa tu, maana likiwa wazi asingeweza kuliacha.

Waumini walikuwa watatu: yeye, mzee Enoch Sutcliffe na Mabel Crabtree. Jumapili ile ya Februari, baada ya ibada, walikaa kuamua. Wafumaji walioijenga Ebenezeri walikuwa wamewakimbia maaskofu, wakaapa kwamba neno la mwisho litakuwa la waumini wenyewe. Tena kura iwe ya siri, maana enzi hizo mwenye kiwanda alikaa kiti cha mbele akiangalia nani kanyoosha mkono. Na kanisa lisifungwe ila kwa kauli moja, kura ipigwe mara moja tu kwa mwaka. Watu wakaidi wale, aliwaza Winifred! Wameoza zamani, na bado wanatuamrisha.

"Haya, andikeni," alisema Enoch. "Na msichunguliane."

"Nani achungulie? Miwani yenyewe nimeisahau nyumbani," alijibu Mabel.

Winifred alishika kalamu aandike "Tufunge." Mara akamwona Enoch akipapasa kiti cha marehemu mkewe, machozi yakimlengalenga. Moyo ukamuuma. Mzee huyu hawezi kukubali, aliwaza, na kura yake moja yatosha kuzuia. Ya nini basi kumwacha peke yake? Akaandika "Tuendelee."

Enoch akazifungua karatasi.

"Tufunge." Akachukua ya pili. "Tufunge." Akafungua ya tatu. "Tuendelee."

Mabel akashusha pumzi. "Mie nilidhani sote tumechoka."

"Hata mimi. Miguu hii haitaki tena kilima," alisema Enoch. "Lakini kama mmoja wetu bado anapataka, hatumwachi."

"Ni mimi," alisema Winifred. "Nilikuhurumia wewe, Bwana Sutcliffe. Sipataki! Nataka kwenda kwa dada yangu."

"Sasa si ungeniuliza, Winnie?"

"Si ni siri!"

Enoch akaikunja karatasi taratibu. "Kura ikishasomwa imesomwa, mama. Ndivyo tulivyolelewa."

Hakuna aliyebisha, hata Winifred mwenyewe. Alikusanya vikombe vya chai, akaviosha kwa maji baridi. Edith alikuwa na miaka themanini na minne, na Februari nyingine ilikuwa mbali mno.