Taa Mbili za Pedali ya Vidole

Haya, nikutege nawe unijibu. Ana miguu miwili, mmoja mrefu, mmoja mfupi, wala hachechemei. Ukimsimamisha kinyume anafumba jicho, na umbembeleze hadi kesho hafumbui. Nani huyo? Usiniambie kuku wa jirani. Umeshindwa? Nipe mji basi. Mji nimeupokea, nao hauna hata kisima! Jibu ni kijitaa cha LED, kile kidogo kama punje ya mahindi kinachowaka kwenye redio. Mguu mrefu ni wa chanya, mfupi ni wa hasi, na umeme hupita upande mmoja tu.

Aliyeyajua hayo kuliko wengi ni mama mmoja fundi redio, watu walimwita Bi Lehemu. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: meza moja ndefu, dirisha moja, na makopo ya maziwa yaliyojaa skrubu. Alhamisi moja mchana, kaka yake mkubwa aliingia na gitaa mgongoni na kitu kimeviringishwa kwenye taulo. Huyo kaka alipiga gitaa tangu hajaota ndevu, na jukwaani jina lake lilikuwa Vidole.

"Mdogo wangu!" aliita kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima.

"Shikamoo, kaka. Niko hapa mbele yako, siko ng'ambo ya mto."

"Marahaba." Akafungua taulo. Ndani mlikuwa na pedali yake kuukuu, kisanduku cha chuma kilichobabuka rangi. Akikikanyaga, gitaa huacha kuimba kistaarabu likaanza kukoroma. "Nataka taa zake ziwake, zote mbili. Kesho jioni tunapiga. Kiongozi wa bendi amesema nikikosea tena kuingia na mkoromo, mahali pangu atamweka mwingine."

"Wewe ukosee?"

"Ndivyo wanavyosema vijana."

Bi Lehemu akaipindua pedali mikononi. "Taa hizi zilikufa mwanao wa mwisho akitambaa, na sasa ananyoa. Miaka yote hiyo hukuzililia. Leo unazitakia nini?"

Vidole akatazama dari. "Wewe ni fundi au hakimu?"

"Fundi. Lakini nimeuliza."

"Basi tengeneza, mheshimiwa."

Swali likabaki hapo katikati yao kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Bi Lehemu akachukua bisibisi.

Skrubu zilikuwa nne. Tatu zilitoka kwa adabu. Ya nne ilishikwa na kutu. Akaitia tone la mafuta, akangoja, akaijaribu, ikagoma. Akaitia jingine. "Leo utatoka," aliiambia, "hata tukilala njaa mimi na wewe."

"Ikate kichwa!" Vidole akadakia.

"Nikate cha skrubu au cha mwenye pedali?"

Mara ya tano ikasalimu amri. Ndani, bodi ilikuwa ya kizamani, njia zake za shaba nyembamba kama utando wa kitunguu. Pasi ya lehemu ikikaa pale zaidi ya kuhesabu tatu, shaba inabanduka, na pedali inageuka jiwe la kuzuia mlango. Bi Lehemu akagusa, moja, mbili, akaondoa, akapuliza. Kijitaa cha kwanza kikatoka. Cha pili kikafuata.

Alijaribu kimoja kipya, kikawaka kama taa ya pikipiki usoni. "Hiki kitakupofusha jukwaani." Akapekua redio iliyokwisha kufa, akapata viwili vya zamani, vyekundu vya upole kama kaa la moto. Bodi haikuwa na alama ya chanya wala hasi. Cha kushoto, cha kuonyesha kuwa betri ipo, alikipima kwa mita kabla ya kukichomea. Cha kulia, cha kuonyesha kuwa mkoromo umeingia, hakukipima. Hapo ndipo mkono uliozoea ulipojikwaa: alikipanga kama mwenzake, maana walikaa nyumba moja, akadhani wanaelekea mlango mmoja.

Akafunga kifuniko, wakaunganisha betri, gitaa na spika ndogo. Taa ya kushoto ikawaka. Vidole akaanza kucheza nyuzi, naye Bi Lehemu akabonyeza pedali kwa kiganja.

Spika ikakoroma kama mbwa aliyenyang'anywa mfupa. Taa ya kulia ikabaki giza.

"Bado," alisema Vidole, macho hayabanduki kwenye taa. "Haijashika. Sauti ni ileile."

Bi Lehemu akamkazia macho. Akabonyeza tena, gitaa likasafika. Akabonyeza, likakoroma. "Na sasa?" Vidole akainua macho kumtazama.

"Bado, nimekwambia! Bonyeza vizuri."

Methali ya mficha maradhi ilimfika ulimini, akaimeza. Kaka mkubwa hapigwi methali kama kuku apigwavyo jiwe. Kwanza kazi. Alifungua skrubu zote nne, akang'oa kijitaa cha kulia, na safari hii shaba ikaanza kubanduka ukingoni. Jasho lilimtoka. Hakuiacha. Akachuna uzi mmoja wa waya, mwembamba kama unywele, akaulaza juu ya jeraha la shaba, akauchomea, moja, mbili. Akapima kwa mita. Akapima tena. Ndipo akakirudisha kijitaa, miguu imebadilishana mahali.

Akabonyeza. Kaa jekundu likawaka.

"Hiyo!" Vidole alipaza sauti. "Sasa imeshika!" Akapiga wimbo mzima akikanyaga mwenyewe, na kila mahali pa mkoromo aliingia bila kukosea hata mara moja.

Bi Lehemu akazunguka meza, akavuta kigoda, akaketi mbele yake ili kaka auone mdomo wake vizuri.

"Kaka, pedali ilikoroma tangu mwanzo. Taa niliigeuza mimi, kosa langu. Sasa nijibu. Unazitakia nini?"

Vidole akalilaza gitaa mapajani. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema polepole, kwa sauti ndogo.

"Sikio la kushoto lilizima mwaka juzi, mdogo wangu. Hili la kulia linashika ngoma na besi tu. Maneno yenu nayasoma mdomoni. Mkoromo nilikuwa nausikia kwa nyayo, kwenye mbao za jukwaa. Sasa wamejenga jukwaa jipya, la zege."