Muhuri wa Kutoka

Safari ile hasa ilikuwa ya Abdulrahmani. Binti yake Nuru alikuwa mwaka wa pili akisomea mambo ya samaki katika chuo kimoja cha mji wa Faro, kusini mwa Ureno. Aliwaalika baba na mama yake wiki mbili za mwezi Juni, waje wakae naye, wapande treni na mabasi waione miji ya pwani ya huko. Lakini kabla hata fomu za viza hazijajazwa, Abdulrahmani akatangaza kwamba Juni ndiyo mwezi wa kupulizia salfa mikorosho yake ya Nanyamba, na mikorosho haijui likizo.

Tabu, mkewe, alijua mikorosho inasingiziwa. Mumewe alikuwa amefanya kazi Bandari ya Mtwara miaka ishirini na saba, akipanda na kushuka melini kama mtu anayeingia jikoni kwake, ila ndege aliiogopa. Tabu hakumwaibisha. Alisema tu kwamba basi salfa ipuliziwe vizuri, na nafasi ile wakampa Rehana, dada yake Abdulrahmani.

Tabu na Rehana walikuwa mawifi kwa miaka thelathini na mbili, na utani wao pale Ufukoni, mtaani kwao Mtwara, ulijulikana hata na wauza samaki. Safari hii Rehana alijisifu kwamba anakwenda kama mkalimani. Kwa miaka mingi alikuwa akivuka Ruvuma kupeleka vitenge na sabuni Palma, upande wa Msumbiji, na huko alijifunza Kireno. Tabu alisema atakiamini akikisikia.

Alikisikia asubuhi ya kwanza. Rehana alisimama kwenye mlango wa duka la mikate chini ya nyumba ya Nuru, akajiweka sawa mtandio, akamwambia muuzaji, "Bondia."

Ndiyo salamu ya asubuhi ya Kireno, jinsi Rehana alivyoitamka. Muuzaji akamjibu kwa Kiingereza, lugha ambayo Rehana hakuwa nayo hata ya kuombea maji. Walipotoka, Tabu akamuuliza wifi yake kama lile duka linauza mikate au ngumi.

Rehana alijitetea kwamba Wareno wa huku wanameza maneno. Kule Palma neno lilitoka zima, mtu alilipokea. Hawa wanalitafuna, wanakupa mabaki. Kwa maoni yake walikuwa wameisahau lugha yao wenyewe. Nuru, aliyekuwa amekaa nao miaka miwili, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Siku za mwanzo Nuru alikwenda nao. Walipanda treni hadi Lagos, ile ya Ureno, na kutoka pale wakachukua basi hadi Sagres, ambako nchi kavu inakwishia kwenye majabali na upepo ulitaka kuondoka na kanga ya Tabu. Siku nyingine wakaenda Tavira, kisha basi dogo likawapeleka kwenye kijiji cha wavuvi wa pweza. Pale Tabu alisimama muda mrefu. Yeye mwenyewe alikuwa ameokota pweza kwenye miamba ya Mtwara tangu utoto, maji yakipwa, kwa ncha ya chuma na macho makali. Hawa walikuwa na vyungu vya udongo, mamia, vimefungwa kwenye kamba. Nuru alieleza kwamba chungu kinazamishwa, pweza anaingia mwenyewe akidhani amepata makazi, kisha wanamvuta.

"Huku pweza anapangishiwa nyumba," Tabu akasema, "halafu anafukuzwa na sufuria."

Mchana ule walikula pweza wa kuchoma. Tabu alikubali kwamba ni mlaini, ila aliona hakupigwa vya kutosha kabla ya kupikwa, na alitaka kwenda jikoni kusema hivyo. Rehana akakataa kutafsiri. Tabu akasema afadhali, maana mpishi angeweza kuletewa salamu za ngumi.

Wiki ya pili Nuru alikuwa na zamu za maabara, kwa hiyo akawapa tiketi na ramani, akawaacha wachague wenyewe. Tabu alitaka kurudi kwa pweza. Rehana alikuwa ameangalia ramani kwa kidole, akafuata reli kuelekea mashariki mpaka ilipokwishia, kwenye mji wa Vila Real. Pale mto Guadiana unaingia baharini. Upande huu ni Ureno, upande ule ni Hispania, na kivuko kinakwenda na kurudi.

"Tuvuke," alisema.

Tabu alimwambia kwamba mtu hasafiri angani saa zote zile kwenda kutazama mto, wakati Ruvuma ipo nyumbani. Lakini Rehana hakujibu kwa mzaha kama kawaida yake. Alisema tena kwamba anataka kuvuka. Tabu akaona si neno, pweza atasubiri chunguni.

Treni ilipita kwenye mashamba ya chumvi, vidimbwi vyeupe kama vile vya kwao, ila hivi vilikuwa na ndege warefu wa rangi ya waridi wamesimama kwa mguu mmoja. Wakafika Vila Real adhuhuri. Wakaswali kwenye bustani ya kando ya mto, wakala mkate na mayai waliyochemsha wenyewe, kisha wakakata tiketi. Muuza tiketi aliwaandikia kwenye karatasi saa ya kivuko cha mwisho cha kurudi: 17:00. Upande wa Hispania walikuwa na sikukuu ya mji, vivuko vingeacha kazi mapema. Tabu akatoa sita, akapata saa kumi na moja jioni. Saa yake ya mkononi ilisema saa nane.

"Mto wenyewe mwembamba," Rehana alisema wakiwa katikati ya maji. "Hauna hata kiboko."

"Shika viatu vyako," Tabu akamwambia. "Vyote viwili."

Huo ulikuwa utani wa zamani wa nyumba yao. Miaka michache nyuma, vurugu za kule Palma zilipozidi, Rehana alirejea Ufukoni akiwa na ndala moja mguuni. Tabu alimpokea mlangoni, akamtazama, akamuuliza kama ya pili ameiacha ilinde biashara. Nyumba nzima ilicheka siku ile, na tangu hapo Rehana hakuweza kuvua viatu msikitini wala harusini bila mtu kumkumbusha. Safari hii alitabasamu kidogo, akaendelea kuangalia ng'ambo.

Waliposhuka Ayamonte, Rehana alikuwa tayari na pasipoti mkononi. Akatafuta ofisi ya uhamiaji. Hapakuwa na ofisi, wala meza, wala askari wa kumuuliza anakwenda wapi. Watu walishuka kwenye kivuko wakaingia mjini kama wanaokwenda kwa jirani kuomba chumvi. Nuru alikuwa amewaeleza kwamba nchi hizi zimefunguliana mipaka, lakini Rehana alisema nchi haiwezi kuingiwa hivi hivi, lazima yupo mtu wa kugonga muhuri, labda amekwenda kula.

Wakamtafuta mtu huyo. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa, na barabara zilitundikwa bendera za karatasi. Kwenye uwanja wa katikati ya mji wakawaona polisi wawili, mwanamume na mwanamke. Rehana akawaendea, akawaonyesha pasipoti, na neno la muhuri lilipomkimbia akaonyesha kwa vitendo: akagonga kiganja kwa ngumi, mara mbili, kwa nguvu.

Yule polisi mwanamume alibadilika uso. Alidhani mama huyu amepigwa. Akamwangalia Tabu kwa mashaka, akamuuliza Rehana jambo huku akimwonyeshea kwa kidole bega na shavu, ni wazi alitaka kujua ameumia wapi. Tabu akarudi nyuma hatua moja, akainua mikono yote miwili, akasema kwa Kiswahili kwamba yeye hajamgusa. Rehana akazidi kugonga kiganja kueleza.

Polisi mwanamke ndiye aliyeelewa. Alicheka, akawakalisha kwenye benchi, akawaeleza polepole kwa mikono kwamba hapa hapagongwi muhuri. Alipoona uso wa Rehana umeshuka, akaichukua tiketi yake ya kivuko, akaandika nyuma jina la mji na tarehe, akaweka sahihi yake ndefu. Rehana akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka ndani ya pasipoti.

Waliporudi gatini, saa ya Tabu ilikuwa saa kumi na robo. Walikuwa na muda mrefu bado, walidhani. Kivuko kilikuwa katikati ya mto, kinakwenda, na mlango wa gati ulikuwa na kufuli.

Hapo mzee mmoja aliyekuwa akivua kwa mshipi kando ya gati akawasemesha. Alinyoosha kidole kwenye saa ya Tabu, akatikisa kichwa, akaonyesha saa kubwa ya ukutani. Ilikuwa imetangulia saa nzima. Hispania ilikuwa mbele ya Ureno kwa saa moja, na wao walikuwa wamevuka mto bila kuvuka saa.

Rehana akamuuliza kwa Kireno chake watarudije. Na mzee akamjibu. Alikuwa baharia mstaafu, amefanya kazi na Wareno maisha yake yote, akaongea neno moja moja, zima, kama watu wa Palma. Wakazungumza dakika kumi. Rehana akageuka, kidevu juu, akatoa tafsiri: basi la Faro linapita stendi ile pale nyuma, saa moja na nusu kutoka sasa, litavuka kwa daraja.

Tabu akasema ni jambo jema, amepata mkalimani wa Kireno, tatizo ni kwamba anafanya kazi Hispania tu.

Stendi ilikuwa na benchi na kivuli. Wakampigia Nuru simu, wakakaa. Jua la kule mwezi Juni halina haraka, jioni ilikuwa bado nyeupe kama alasiri ya Mtwara. Tabu alivua viatu akanyoosha miguu. Alikuwa akiandaa utani kuhusu yule polisi, lakini Rehana akaanza kusema.

"Wifi, ile pasipoti yangu ya zamani unaijua."

Tabu aliijua. Ilikuwa imejaa mihuri ya Kilambo, kwenye kivuko cha Ruvuma, na ya upande wa pili, kuingia na kutoka, ukurasa baada ya ukurasa.

"Wa mwisho ni wa kuingia," Rehana akasema. "Wa kutoka sina."

Akamweleza, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Duka aliloweka mali yake Palma lilikuwa la rafiki yake aitwaye Riziki. Siku ya vurugu walifunga mlango pamoja, wakakimbia pamoja mpaka kwenye mikoko. Pale Riziki akasema anarudi kumchukua mama yake. Alisema, tangulia, nakuja. Rehana alimsubiri mpaka mtumbwi ukajaa, na watu wakamvuta ndani. Baada ya hapo simu ya Riziki haikuita tena.

Tabu aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Na ile ndala?"

"Ilibaki kwenye tope la mikoko."

"Na mimi nikakucheka."

"Mlicheka wote," Rehana akasema. "Nikacheka na mimi. Nilikuwa nimefika nyumbani." Kisha akasema kwamba tangu siku ile hajavuka mto wowote, na alipoona huu kwenye ramani alitaka tu kuuvuka na kurudi, kama mtu, na mtu amwandikie kwamba amevuka.

Tabu alivaa viatu vyake tena bila sababu. Baadaye akauliza jina la baba yake Riziki. Asadi, Rehana akamwambia. Riziki binti Asadi, na mama yake anatoka upande wa Msimbati, kule kwao Mtwara. Tabu akalirudia mara mbili ili lisimtoke.

Basi lilifika kwa wakati uleule aliosema yule mzee. Kwenye daraja Rehana alikaa dirishani, akautazama mto ukipita chini mpaka ukaisha. Hakuna aliyewasimamisha kuuliza chochote.

Faro waliingia kabla ya magharibi. Nuru aliwapokea stendi kwa lawama nyingi na wali wa nazi ukiwa tayari nyumbani. Rehana alikula sahani mbili, akaenda kuswali. Tabu akachukua simu akatoka kwenye kibaraza.

Abdulrahmani alitaka kusikia yote. Tabu akamweleza habari za kivuko, za polisi aliyedhani kuna ugomvi, za saa iliyowakimbia, na mumewe akacheka mpaka akakohoa. Akauliza kama dada yake amewatia aibu sana na Kireno chake. Tabu akasema hapana, leo ndicho kilichowarudisha nyumbani.

Kisha akamuuliza kama bado anawafahamu watu wa Kilambo, wale waliowapokea wakimbizi. Abdulrahmani akasema anawafahamu. Tabu akamtaka aende akaulizie mtu, Riziki binti Asadi wa Palma, aliyekuwa na duka la vitenge.

"Ni nani huyo?"

"Mtu wetu," Tabu akasema, akamtajia jina tena, polepole, ili aliandike.

Abdulrahmani alikwenda Ijumaa baada ya swala. Hakupata habari yoyote siku hiyo, lakini mwenye duka mmoja aliliandika jina, akasema atauliza kwa watu wa Msimbati.